Kidonge cha Kwanza Kimezwe Mbele Yako

Nyinyi wanangu mnaosimama leo nyuma ya meza za maduka ya dawa muhimu, kuanzia Mbinga mjini mpaka chini ziwani, nimewaona na mnapendeza. Makoti yenu meupe yamepigwa pasi. Mteja akitaja dawa msiyoijua mnachungulia simu, na jibu linapatikana kabla hajamaliza kukohoa. Sisi tulichungulia kitabu kimoja ambacho panya walikuwa wamekula kurasa za mwanzo, kwa hiyo dawa zote zinazoanza na herufi A tulizijua kwa kuhadithiwa. Siwaonei wivu hata kidogo. Nawapenda, na ndiyo maana nataka kuwasimulia jinsi nilivyokaribia kumuua mke wa mtu kwa chupa ya dawa ya kuchua.

Nitafika huko, msinikimbize. Mimi ni mtu wa kuzungukazunguka, hata marehemu mume wangu alikuwa akisema ukiniuliza njia ya sokoni nitaanza na habari za aliyejenga soko.

Naitwa Eufrasia, lakini wateja waliniita Dokta. Sikuwahi kuwa daktari hata siku moja. Nilianza kama mhudumu wa zahanati Kihagara, nikaenda kusoma kozi ya kuuza dawa, kisha nikapanda milimani Mbuji na kukaa nyuma ya meza ya duka la dawa mpaka magoti yalipokataa. Huku kwetu anayekupa kidonge ni dokta, awe na cheti, awe hana. Jina hilo ni tamu, lakini lina hatari yake. Wanakuita hivyo asubuhi na jioni, na baada ya miaka kadhaa na wewe unaanza kuamini.

Kazi yangu kubwa ilikuwa misuli. Malaria ina majira yake, mafua yana majira yake, lakini misuli ya watu wetu hukaza mwaka mzima. Nilifika mahali sihitaji kalenda, namtazama tu mteja ameshika wapi. Kule ziwani akiingia ameshika kigimbi cha mguu, najua usipa wamevuliwa kwa wingi na watu wameshinda majini wakivuta nyavu. Huku mlimani akishika bega, kahawa imeiva na amebeba magunia. Akiingia ameinama, mkono kiunoni, anatembea kwa hatua za kuku aliyefungwa mguu, basi ni msimu wa ngolo.

Wenyeji hawahitaji kuelezwa ngolo, lakini najua wengine wenu mmetoka mbali. Ni kilimo chetu cha Wamatengo, cha kuchimba mashimo kwenye mteremko. Wanaume wanafyeka majani na kuyapanga chini kwa mistari ya miraba. Kisha wanawake wanaingia na majembe, wanachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo, shimo baada ya shimo, mlima mzima, wameinama. Wanafanya kwa ngokela, yaani kualikana: leo kwangu, kesho kwako, na mwenye shamba anaandaa togwa. Wanaimba kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mwanamke aliyechimba ngolo wiki nzima ukimgusa kiuno anapiga kelele, na hakuna anayeshangaa. Shikeni hilo, kwamba hakuna anayeshangaa, maana ndilo lililoniponza.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Benigna, aliyekuwa muuguzi wa zahanati yetu Kihagara. Alikuwa mfupi, mkali, na viatu vyake vilisikika kabla yake. Mezani kwake kulikuwa na jagi la maji na kikombe cha bati chenye ua jekundu. Mgonjwa hakuondoka na vidonge bila kumeza cha kwanza pale pale mbele yake. Mimi niliona ni kupoteza muda, foleni inafika mlangoni naye anamwangalia mtu akinywa maji.

"Sista, si watameza nyumbani?" nilimwuliza siku moja.

"Nyumbani mimi sipo," alijibu. "Hapa ninamwona. Anashikaje kikombe, mkono unatetemeka au hautetemeki. Anakaaje. Anamezaje. Mdomo utakudanganya, mwanangu, kwa sababu ana haraka au ana aibu. Akinywa maji hawezi kudanganya."

Kisha akanitazama mimi. "Na wewe usiwe na haraka. Una haraka kama mtu aliyeacha maharage jikoni."

Kweli nilikuwa na haraka. Mvuvi mmoja kutoka Mbaha alikuja na kigimbi kilichokaza mpaka kimekuwa kigumu kama kiazi. Nilimpa dawa ya kuchua, nikamwambia kwa mdomo wa haraka, "Jichue, na ujikande kwa maji ya moto." Vyote viwili ni sahihi. Sikumwambia tu kwamba havifanywi kwa pamoja. Yule baba akajipaka dawa nusu chupa, akaweka juu yake taulo la maji ya moto, akafunga na kamba ili joto lisitoroke. Waliomwona wanasema alitoka mbio na kupita katikati ya wanawake waliokuwa wakianika usipa, hakusalimia mtu, akaingia ziwani na nguo zake. Alikaa majini hadi jua lilipopungua. Kesho yake alinijia mguu umebabuka.

"Dokta," aliniambia kwa upole mkubwa, "msuli umepona. Sasa nipe dawa ya ngozi."

Nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo, kila nilipomwuzia mtu dawa ya kuchua nilimshika mkono nikamwambia polepole: ukikanda kwa maji ya uvuguvugu, kanda peke yake, na ukichua, chua peke yake. Usipake kwenye kidonda. Nawa mikono kabla hujagusa macho, au mtoto, au mahali pengine ambapo sitapataja. Na usipake kupita kiasi. Mwalimu wetu wa kwaya Mbuji alijipaka mgongo mzima kabla ya misa, na viti vitatu vya mbele vikatokwa na machozi kuanzia mwanzo wa mahubiri. Padri alifurahi sana Jumapili ile.

Maana dawa yenyewe si kitu cha ajabu, wanangu. Msuli uliokaza kwa kazi unataka mapumziko, unataka joto, unataka kunyooshwa. Kigimbi kikikaza, mwambie akae chini, anyooshe mguu, avute vidole vya mguu kuelekea kwake, taratibu, mpaka uachie. Mwulize amekunywa maji mara ngapi tangu asubuhi. Wengi walioshinda juani watakwambia hawajanywa, na hao jagi lako litawatibu kuliko kabati lako. Parasetamol inatuliza. Zile kali zaidi, ibuprofeni na ndugu zake, usimpe mwenye vidonda vya tumbo wala mjamzito, mwenye presha na mwenye figo wapeleke kwa daktari kwanza, na usimpe mtu mbili za ukoo mmoja kwa pamoja eti kwa sababu maumivu ni makubwa. Watakuja pia wanaotaka dawa ya kulegeza misuli, ile inayotaka cheti cha daktari. Watabembeleza. Watakuita mama, watakuita dada, mmoja aliwahi kuniita malaika. Kataa hivyo hivyo ukiwa malaika.

Sasa nimefika kwa Kosmas.

Kosmas alikuwa baba mmoja wa kitongoji cha ng'ambo ya mlima wetu, mwembamba, mpole, mtu wa kuvua kofia akiingia dukani. Mkewe aliitwa Otilia. Nilimfahamu kwa sauti kabla ya sura, maana ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye ngokela na upepo ukiwa mzuri tulimsikia mpaka barabarani.

Ulikuwa msimu wa ngolo, na msimu huo dukani kwangu kulikuwa na desturi moja ambayo sote tuliiona ya kawaida. Anayeumwa haji. Yuko shambani, au amelala kwa sababu hawezi kunyooka. Anamtuma mwingine, na mara nyingi mtu mmoja anawanunulia watu sita, yule wa kiuno, yule wa bega, yule wa shingo. Jagi langu lilikuwepo mezani, kikombe kilikuwepo, lakini utamnywesha nani? Taratibu nikaacha. Nikajiambia msimu ukiisha nitarudia utaratibu wa Sista.

"Shikamoo, Dokta," Kosmas alisema.

"Marahaba, baba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, ila mama watoto mgongo umemkaza. Na shingo."

"Ngolo hizo," nilisema. "Wewe umefyeka majani siku mbili ukapumzika, mwenzako kafukia mlima mzima. Kwa nini mgongo usimkaze?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka akiikunja kofia. Nilimpa dawa ya kuchua na parasetamol, nikampa maelezo yangu yote, kuchua peke yake, kukanda peke yake. Nilijiona nimefanya kazi nzuri. Nilimweleza kila kitu kuhusu chupa, na sikumwuliza chochote kuhusu Otilia.

Kesho yake asubuhi alirudi. Duka limejaa. Alisubiri zamu yake, kama kawaida yake, huku kumbe kila dakika ilikuwa na thamani.

"Dokta, vidonge vinamshinda. Naomba ile ya maji."

"Ya watoto?"

"Ndiyo hiyo. Anasema meno hayataki kuachana."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia, "Otilia naye ameanza kudeka? Haya, mbembeleze." Nikampa dawa ya maji ya watoto, nikampimia kipimo cha mtu mzima, akavaa kofia akaondoka. Nikaita, "Anayefuata!"

Foleni ilipoisha nilikaa kwenye kigoda changu, nikafungua kibakuli cha kande niliyokuwa nimebeba. Nikajaza kijiko. Nikafungua mdomo. Na pale pale, mdomo ukiwa wazi, nikasikia viatu vya Sista Benigna. Naapa nilivisikia. Meno hayataki kuachana. Mwanamke aliyekuwa akifungua mdomo mpaka tunamsikia barabarani, leo hawezi kupitisha kidonge. Mgongo, shingo, taya.

Kijiko sikumbuki nilikiweka wapi. Nilifunga duka nikiwa na koti mwilini, nikasimamisha bodaboda ya kwanza na kumwambia dereva anipeleke mpaka njia itakapoishia. Njia iliishia mapema kwa sababu ya matope. Kilima kilichobaki nilikipanda kwa miguu, nikiomba na kujitukana kwa zamu.

Nilimkuta Otilia amelazwa ubavu kwenye mkeka, mlango wazi. Shangazi wawili walikuwa wakimchua kwa dawa yangu. Walikuwa wanamchua kwa upendo wote, na kila mkono ulipomgusa mwili wote ulikaza, mgongo ukajikunja kwa nyuma kama upinde, kisha ukaachia, kisha ukakaza tena. Midomo yake ilikuwa imevutwa pembeni.

"Anacheka, masikini," shangazi mmoja alininong'oneza. "Hata kwenye maumivu anatuchekea."

Hakuwa anacheka. Macho yake yalikuwa yamejaa hofu na yalinitazama mimi.

"Acheni kumchua," nilisema. "Msimguse tena. Fungeni mlango, mwanga unamsumbua, na watoto wasipige kelele." Kisha nikamwuliza Kosmas lile swali ambalo lingenichukua pumzi moja siku ya kwanza. "Mkeo amejikata hivi karibuni?"

Alifikiri. "Jembe lilimpiga mguuni. Wiki iliyopita, au zaidi kidogo. Lakini hicho kidonda ni kidogo, Dokta, kimeshafunga. Tulikitia majivu."

Nikafunua khanga miguuni. Kilikuwa kidogo kweli, kati ya vidole, na kilikuwa kimefunga juu tu. Sindano za pepopunda alizopaswa kupata kliniki alipata moja, zilizobaki hakuzifuata kwa sababu ni mbali. Pepopunda, wanangu. Kidonda kilikuwa mguuni, lakini kilichofungwa ni taya. Na mimi nilikuwa nimempelekea dawa ya kuchua na utani.

Kosmas aliusoma uso wangu. "Atapona?" aliniuliza.

"Tukifika hospitali haraka," nilimjibu. Sikuwa na uhakika, na nilitamani aniite jina langu tu, asiniite Dokta.

Pikipiki isingefaa, ingemtikisa mpaka aache kupumua. Kosmas alipiga simu parokiani kuomba gari lisubiri barabarani. Na mimi nikatoka nje, nikaita kwenye mteremko wa pili walikokuwa wanawake wa ngokela. Waliacha majembe shambani. Walifunga blanketi kwenye miti miwili, wakamwinua. Mmoja akaanza wimbo kwa mazoea, kwa kuwa kwetu hakuna mzigo unaobebwa bila wimbo, nami nikamwomba anyamaze, maana sauti tu ilitosha kumkaza upya. Basi wakavua viatu ili wasiteleze, wakashuka kimya. Wanawake kumi na zaidi, mlima mzima, hakuna aliyesema neno, wakipokezana mabega kwa kugusana tu. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini sijaona upendo uliotembea kwa uangalifu kama ule.

Hospitalini walikisafisha kidonda, wakampa dawa zake, wakamlaza kwenye chumba chenye mapazia yaliyofungwa. Alikaa humo wiki nyingi. Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda, nikakaa kwenye benchi la nje karibu na Kosmas. Hatukuruhusiwa kuingia wala kuongea. Kosmas alikuwa akinigawia nusu ya muhogo wake. Yule mtu hakunilaumu hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko kama angenifokea.

Dukani nilianza tena kukitumia kikombe kuanzia kesho yake ya siku ile. Aliyetumwa nikamwambia, "Kamlete mwenyewe." Hawezi kutembea? "Basi nieleze. Tangu lini? Ameanguka? Ana homa? Ana kidonda, hata kidogo, hata kilichopona? Miguu ina ganzi? Mkojo anaudhibiti? Kigimbi kimevimba kimoja au vyote viwili? Jana usiku alikula nini, na alitafunaje?" Wakanung'unika kwamba Dokta amekuwa polisi. Wengine wakahamia duka la jirani. Niliwaacha waende, na wengi walirudi wenyewe.

Otilia alirudi nyumbani amekonda, anatembea kwa fimbo. Siku alipokuja dukani mwenyewe, ulikuwa tena msimu wa ngolo, ingawa yeye mwaka ule aliandaa togwa tu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia muda mrefu, na alipoingia nikasahau maneno yote.

"Ile dawa ya maji," nilisema. "Mimi ndiye niliyeitoa. Aliniambia meno hayaachani, nikacheka."

"Najua," alisema. "Kosmas aliniambia."

"Otilia, ungekufa."

"Ningekufa," alikubali. "Lakini ulikuja mwenyewe kwa miguu, na matope yale. Nilikuona mlangoni na koti lako jeupe lote limechafuka, nikasema, huyu ameanguka mara tatu kwa ajili yangu."

"Mara nne," nilimwambia.

Alikuwa amekuja kununua parasetamol ya kiuno cha shangazi. Nikamimina maji kwenye kikombe, nikamsogezea. "Fungua mdomo kwanza," nikamwambia. Alijua hana haja ya kumeza chochote. Alifungua tu, ukafunguka wote, mpaka nikaona nyuma kabisa. Tukacheka, kisha mimi nikalia mbele ya wateja, na sikuona haya. Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo salamu yetu. Hata tukikutana mlangoni mwa kanisa, mmoja anamwambia mwenzake fungua mdomo, na watu wasiojua wanadhani wazee tumeanza kuchanganyikiwa.

Mwaka huu nilikuwa nainua beseni la maharage uani, mgongo ukanikaza. Nikabaki nimeinama, mkono kiunoni, nikitembea kwa hatua zile zile nilizokuwa nikizicheka. Nilimtuma mjukuu dukani kwa mmoja wenu, binti mpya wa pale Mbuji, sijui jina lake. Mjukuu akarudi mikono mitupu. Yule binti amekataa kuuza. Amesema bibi aje mwenyewe, au aje anayeweza kueleza bibi anaumwaje. Nilikuwa na maumivu makali, na nilifurahi kiasi kwamba nilisahau kumkasirikia.

Aliyekubali kwenda kumweleza yule binti ninavyoumwa alikuwa Otilia, aliyepita kunisalimia. Alikwenda, akajibu maswali yote, akarudi na vidonge. Akapasha maji, akakamua taulo, akanikanda kiuno kwa mikono ile ya kuchimba ngolo, huku akiimba polepole. Nilipopata nafuu akachukua kikombe changu cha bati, kilichokuwa cha Sista, ambacho ua lake sasa limebaki jani moja. Nikanyoosha mkono nipokee kidonge.

Akakivuta nyuma.

"Fungua mdomo kwanza, Dokta."

Nikafungua. Akaniinamia, akachungulia kwa muda mrefu, hana utani wowote usoni, akahesabu meno niliyobakiwa nayo. Kisha akaniwekea kidonge ulimini, akanishika kidevu, akaninywesha maji.